Njaa fiche katika nchi ya mahindi: Jinsi lishe inavyojenga ubongo wa mtoto

Na MWANDISHI WETU

MGENI anayefika Kabazi, katika eneobunge la Subukia, Kaunti ya Nakuru, hawezi kuamini kwa urahisi kwamba kuna mtoto anayekosa lishe huko. Mahindi na maharagwe hustawi, viazi na sukuma wiki hupatikana, na ng'ombe wa maziwa hukamwa asubuhi na jioni.

Lakini kushiba kwa tumbo si kushiba kwa ubongo. Wataalamu wa lishe huiita hali hii njaa fiche: mtu hula akashiba, ilhali mwili wake umekosa madini na vitamini zinazohitajika kwa kiasi kidogo mno, lakini ambazo hazina kibadala. Kwa mtu mzima, njaa hiyo huleta uchovu na maradhi. Kwa mtoto aliye tumboni au ambaye hajatimiza miaka miwili, huweza kuacha alama zisizofutika katika ubongo.

Makala haya yanaeleza jinsi ubongo unavyojengwa, ni virutubisho gani vinavyoujenga, na kwa nini familia inayokula mazao ya shamba lake yenyewe inaweza kuachwa nyuma na sheria zilizotungwa kwa nia ya kuilinda.

Siku 1,000 za kwanza

Kipindi kinachozungumziwa zaidi ni siku 1,000: takriban siku 270 za ujauzito, 365 za mwaka wa kwanza na 365 za mwaka wa pili. Mtoto huzaliwa akiwa na ubongo wenye uzito wa takriban robo ya ule wa mtu mzima. Anapotimiza miaka miwili, uzito huo huwa umefikia karibu asilimia 80.

Niuroni, yaani seli za neva, za tabaka la juu la ubongo linalohusika na fikira karibu zote huwa zimeundwa kabla ya mtoto kuzaliwa. Baada ya hapo, kazi kubwa ni kuziunganisha. Niuroni moja hufikisha ujumbe kwa nyingine kupitia viungo vidogo viitwavyo sinapsi, na nyuzi zake huvikwa mielini, utando wa mafuta unaoharakisha ujumbe huo mfano wa waya wa umeme uliovikwa mpira.

Kila hatua ina malighafi yake na wakati wake. Fundi aliyekosa saruji siku ya kumwaga msingi hawezi kuirudishia siku ya kuezeka paa. Ndiyo sababu watafiti hawaulizi tu mtoto amepata nini, bali pia amekipata lini.

Uchunguzi uliochapishwa katika jarida la Lancet mwaka wa 2016 ulikadiria kwamba watoto milioni 250 walio chini ya miaka mitano katika nchi za mapato ya chini na ya kati, sawa na asilimia 43, walikuwa katika hatari ya kutofikia uwezo wao wa kimakuzi kwa sababu ya umaskini uliokithiri na kudumaa.

Kenya imepiga hatua. Takwimu za kitaifa kuhusu afya na idadi ya watu zinaonyesha kwamba watoto waliodumaa walikuwa asilimia 35 mwaka wa 2008-2009, wakapungua hadi asilimia 26 mwaka wa 2014, na asilimia 18 mwaka wa 2022. Hata hivyo, kimo ni kipimo cha nje tu. Mtoto anaweza kuwa na kimo cha kuridhisha na bado akawa na upungufu wa madini ambao hakuna futi inayoweza kuupima.

Asidi ya foliki na mwezi wa kwanza

Ubongo na uti wa mgongo huanza kama utepe bapa wa seli. Utepe huo hujikunja na kufunga kama mrija kabla ya siku ya 28 baada ya mimba kutungwa. Ili seli zigawanyike kwa kasi hiyo, zinahitaji kunakili upya chembechembe za urithi, na foleti, ambayo ni vitamini ya kundi B, ndiyo inayosafirisha malighafi ya kazi hiyo.

Foleti ikipungua, mrija huweza kukosa kufunga. Ukibaki wazi upande wa chini, mtoto huzaliwa akiwa na mgongo wazi, na wengi wa watoto hao hupatwa pia na tatizo la maji kujaa kichwani. Ukibaki wazi upande wa juu, sehemu kubwa ya ubongo haiundwi, na mtoto hawezi kuishi. Hospitali ya Kijabe, iliyo kwenye ukingo wa Bonde la Ufa, inajulikana kote nchini kwa upasuaji wa watoto wenye mgongo wazi na vichwa vikubwa.

Mnamo 1991, Baraza la Utafiti wa Kitiba la Uingereza lilitangaza matokeo ya jaribio lililohusisha nchi saba. Wanawake waliokuwa wamewahi kupata mtoto mwenye kasoro hiyo walipewa asidi ya foliki kabla ya kushika mimba, na hatari ya kasoro hiyo kujirudia ikapungua kwa asilimia 72.

Ugumu uko katika kalenda. Siku ya 28 mara nyingi hupita kabla ya mwanamke kutambua kwamba ni mjamzito, na wengi hufika kliniki kwa mara ya kwanza baada ya mwezi wa tatu. Tembe anazopewa siku hiyo zina manufaa mengi, lakini kwa mrija wa neva zimechelewa. Kwa sababu hiyo, ushauri wa kimataifa ni kwamba mwanamke anayepanga kupata mimba aanze mapema kutumia mikrogramu 400 za asidi ya foliki kila siku.

Iodini: ushindi wa chumvi

Katika nyanda za juu, mvua ya karne nyingi husafisha iodini kutoka kwenye udongo, na mimea inayoota hapo huikosa. Mwili unahitaji madini haya, ambayo Tanzania huitwa madini joto, ili tezi ya shingo itengeneze homoni zinazoelekeza niuroni zihamie mahali pake na zivikwe mielini.

Katika miezi ya mwanzo ya ujauzito, tezi ya mtoto haijaanza kazi. Homoni zote anazotumia hutoka kwa mama. Mama mwenye upungufu mkubwa huweza kuzaa mtoto mwenye ulemavu wa akili, uziwi na kimo kifupi. Katika kisiwa cha Idjwi, ndani ya Ziwa Kivu mashariki mwa Kongo, watafiti waliokuwa wakiongozwa na François Delange walieleza tangu miaka ya 1960 jinsi vijiji vizima vilivyokuwa na rovu, na baadhi ya watoto wakiwa na ulemavu huo.

Kenya nayo ilikuwa na rovu kwa wingi katika nyanda zake za juu. Suluhisho lilikuwa rahisi: mwaka wa 1978, kutia iodini katika chumvi ya mezani kulifanywa kuwa lazima. Mwaka wa 1994, rovu ilipatikana kwa takriban asilimia 16 ya waliochunguzwa, na kufikia 2004 ikawa imeshuka hadi takriban asilimia 6.

Sheria hiyo ilifaulu kwa sababu moja kuu: hakuna mkulima anayelima chumvi. Tajiri na maskini, wa mjini na wa kijijini, wote huinunua dukani. Jikoni, kinachobaki ni kuihifadhi katika chombo chenye kifuniko, mbali na jua na unyevu, na kuitia chakula kikikaribia kuiva.

Madini ya chuma na kumbukumbu

Madini ya chuma yanajulikana kwa kutengeneza damu, lakini ubongo unayahitaji kwa kazi zake wenyewe. Huzisaidia seli kuzalisha nishati, huhitajika katika kutengeneza mielini, na pia dopamini, kemikali inayohusika na umakini na hamu ya kujifunza. Sehemu ya ubongo iitwayo hipokampasi, ambayo ni ghala la kumbukumbu, huathirika haraka yanapopungua.

Mtoto hupokea sehemu kubwa ya akiba yake ya chuma katika miezi mitatu ya mwisho ya ujauzito, na akiba hiyo humtosha kwa takriban miezi sita. Aliyezaliwa kabla ya wakati, au ambaye mama yake alikuwa na upungufu, huanza maisha akiwa na ghala nusu tupu. Utafiti wa kitaifa wa virutubisho wa 2011 uligundua kwamba karibu wanawake 42 kati ya kila wajawazito 100 nchini Kenya walikuwa na upungufu wa damu.

Madhara yake hudumu. Nchini Costa Rica, Betsy Lozoff na wenzake walifuatilia watoto waliokuwa na upungufu mkubwa wa chuma wakiwa wachanga. Ingawa walitibiwa, walipofika miaka 19 bado walikuwa nyuma ya wenzao katika vipimo vya akili.

Kuna hatua isiyogharimu hata shilingi moja. Shirika la Afya Duniani hupendekeza kitovu kisikatwe kabla ya dakika moja kupita tangu mtoto azaliwe, ili damu iliyo katika kondo la nyuma imwendee na kumwongezea chuma.

Hata hivyo, chuma si cha kugawa kiholela. Katika kisiwa cha Pemba, ambako malaria ilikuwa tishio kubwa, jaribio la kuwapa watoto wachanga tembe za chuma na foliki kila siku lilisitishwa mwaka wa 2003. Matokeo yaliyochapishwa 2006 yalionyesha kwamba waliopewa chuma walilazwa hospitalini au kufariki kwa wingi zaidi. Mzazi asimpe mtoto tembe za chuma bila ushauri wa mhudumu wa afya.

Nyama ndani ya githeri

Ushahidi wa karibu zaidi unatoka Embu. Kati ya 1998 na 2000, Charlotte Neumann wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, na Nimrod Bwibo wa Chuo Kikuu cha Nairobi waliongoza utafiti katika shule 12 za msingi, uliohusisha zaidi ya watoto 500. Baadhi ya shule zilipewa githeri iliyoongezwa mafuta, nyingine githeri na maziwa, nyingine githeri yenye nyama ya kusaga. Shule za kundi la mwisho hazikupewa chochote wakati wa utafiti.

Watoto waliokula nyama walipiga hatua kubwa zaidi katika kipimo cha kufikiri na kutatua mafumbo. Aidha, walionekana wachangamfu zaidi uwanjani na wepesi wa kuongoza wenzao. Maziwa yalisaidia kuongeza kimo cha wale waliokuwa wadogo na waliodumaa.

Watoto hao walikuwa tayari wamefika umri wa shule, lakini funzo ni pana. Githeri ina nguvu na protini, ila chuma na zinki zilizomo hushikwa na fiteti, kemikali ya asili iliyo katika nafaka na maharagwe, nazo haziingii mwilini kwa urahisi. Vitamini B12, inayohitajika kutengeneza mielini, haipatikani kabisa katika mimea. Nyama, samaki, mayai na maziwa huziba mapengo hayo. Mayai pia yana kolini, na samaki wana mafuta ya omega-3, ambayo ni sehemu ya kuta za seli za ubongo.

Pengo la kinu cha posho

Hapa ndipo Kabazi inapoachana na Nairobi. Tangu 2012, sheria ya Kenya inataka unga wa ngano na wa mahindi unaouzwa katika pakiti uongezwe chuma, zinki, asidi ya foliki na vitamini nyingine, na mafuta ya kupikia yaongezwe vitamini A. Msichana wa mjini anayepika ugali wa unga wa dukani hupata foliki bila kujua, hata kabla ya kufikiria kuolewa.

Mkulima wa Kabazi hanunui unga. Hubeba debe lake la mahindi hadi kwenye kinu cha posho na kurudi na unga usio na hata chembe ya nyongeza hiyo. Akitaka uwe mweupe, hukobolewa kwanza, na kwa kufanya hivyo hupoteza kiini na maganda, ambamo madini mengi yamo. Kwa hivyo, anayelima chakula chake mwenyewe ndiye anayepitwa na kinga ambayo serikali iliweka kwa ajili ya wote.

Pengo hili linaweza kuzibwa. Nchini Tanzania, shirika la Sanku limekuwa likifunga katika vinu vidogo kifaa kinachopima na kuchanganya virutubisho na unga wakati wa kusaga. Hili ni jambo ambalo serikali za kaunti zinazotegemea mahindi, Nakuru ikiwamo, zinapaswa kulitazama kwa makini.

Floraidi katika maji ya Bonde la Ufa

Ubongo haujengwi na kinacholiwa tu. Miamba ya volkano ya Bonde la Ufa hutoa floraidi kwa wingi, na visima vingi vya Nakuru, Gilgil na Naivasha vina kiwango kinachopita miligramu 1.5 kwa lita, ambacho ndicho kikomo cha Shirika la Afya Duniani. Meno ya hudhurungi ya wakazi wengi ni ushahidi ulio wazi.

Kwa miaka mingi ilidhaniwa kwamba madhara yake ni kwenye meno na mifupa tu. Mnamo Agosti 2024, Mpango wa Kitaifa wa Sumu wa Marekani ulitoa tathmini ya tafiti za nchi mbalimbali na kuhitimisha, kwa uhakika wa wastani, kwamba floraidi inayozidi kiwango hicho inahusiana na alama za chini za akili kwa watoto. Tathmini hiyo haikutoa hitimisho kama hilo kuhusu viwango vya chini.

Kuchemsha maji hakuondoi floraidi. Mkaa wa mifupa huiondoa, na Dayosisi ya Kikatoliki ya Nakuru imetumia njia hiyo kwa miaka mingi. Maji ya mvua yaliyovunwa kwa usafi huwa na floraidi kidogo mno. Kwa kuwa kila kisima kina kiwango chake, njia ya pekee ya kujua ni kupima. Aidha, magadi yanayotiwa katika githeri ili iive upesi yanaweza kuwa na floraidi nyingi. Kuloweka mahindi na maharagwe usiku kucha huifanya kazi hiyo hiyo bila madhara, na hupunguza fiteti.

Alama juu ya jeni

Lishe pia hugusa jeni zenyewe. Haibadilishi maandishi yake, bali huweka vialama vya kikemikali vinavyoamua jeni ipi isomwe na ipi inyamaze. Wakati wa njaa kuu ya Uholanzi ya 1944-1945, kina mama wengi walikuwa wajawazito. Miaka 60 hivi baadaye, utafiti uliochapishwa 2008 ulionyesha kwamba watu ambao mimba zao zilitungwa katika miezi hiyo ya njaa bado walikuwa na tofauti ya vialama katika jeni inayohusika na ukuaji, ikilinganishwa na ndugu zao.

Chakula peke yake hakitoshi

Itakuwa kosa kudhani kwamba sahani humaliza kazi yote. Mjini Kingston, Jamaika, katika miaka ya 1980, Sally Grantham-McGregor na wenzake waligawa watoto 129 waliodumaa katika makundi. Baadhi walipewa chakula cha nyongeza. Wengine walitembelewa nyumbani kila wiki kwa miaka miwili, na mama zao wakafundishwa kucheza na kuzungumza nao. Miaka 20 baadaye, waliochezeshwa walikuwa wakipata mapato ya asilimia 25 zaidi ya wale ambao hawakuchezeshwa. Chakula bila mchezo hakikuacha manufaa ya kudumu kama hayo.

Sababu yake inaeleweka. Sinapsi hujengwa kwa virutubisho, lakini huimarishwa kwa kutumiwa. Mtoto anayesemeshwa, kuimbiwa na kubebwa huupa ubongo wake sababu ya kuhifadhi miunganisho hiyo.

Katika jiko la Kabazi

Mengi yanayohitajika yako karibu. Managu, terere, saga na kunde zina foleti na chuma, mradi zisipikwe kupita kiasi. Limau, chungwa au nyanya mbichi kando ya maharagwe husaidia mwili kunyonya chuma. Chai na kahawa hufanya kinyume, hivyo ni heri zinywewe saa moja au zaidi baada ya mlo. Uji uliochachushwa huwa na fiteti kidogo kuliko uliopikwa papo hapo.

Mtoto anyonye maziwa ya mama pekee kwa miezi sita, kisha aanzishiwe vyakula laini vya aina mbalimbali huku akiendelea kunyonya hadi miaka miwili au zaidi. Nyumba yenye ng'ombe iwe na tahadhari: maziwa ya ng'ombe yana chuma kidogo sana, na mtoto mchanga anayeyategemea badala ya ziwa la mama na vyakula vingine huweza kupungukiwa na damu.

Yai la kuku wa nyumbani, ambalo mara nyingi hupelekwa sokoni, lina thamani kubwa zaidi likibaki kwenye sahani ya mtoto au ya mama mjamzito. Omena zilizosagwa huweza kuchanganywa katika uji au kuponda viazi. Naye mwanamume ana jukumu lake: ndiye mara nyingi anayeamua kipi kiuzwe na kipi kibaki.

Kifungu cha 53 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtoto haki ya kupata lishe ya kimsingi. Haki hiyo haiwezi kusubiri siku ya kwanza ya shule, kwa maana wakati huo sehemu kubwa ya ubongo imekwisha jengwa. Wahenga walisema udongo uwahi ungali maji. Katika suala la ubongo wa mtoto, udongo huo huanza kukauka mapema kuliko tulivyodhani.